Mkojo Huu wa Nani?

Juzi nilikaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya huku Kisarawe, nangoja kubadilishiwa bendeji ya mguu, wala sikuweza kutulia. Nyuma ya pazia binti mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa, uso umemvimba, presha iko juu. Mkunga alimpa mama mkwe wa binti kichupa alete mkojo wa mgonjwa upimwe.

Mama yule alirudi amekifunika kichupa kwa ncha ya khanga. Mkunga akachemsha mkojo juu ya taa ya spiriti. Ukabaki mwangavu kama maji. Akautazama, akatazama pazia, akautazama tena.

"Mama, mkojo huu wa nani?"

"Wa nyumbani kwetu."

"Wa nani?"

Mama akavuta khanga usoni. "Wangu, mwanangu. Mimi mzima. Mke wa mwanangu simtii aibu, mkojo wake uchemshwe mbele ya wanaume."

Wanaume wenyewe nilikuwa mimi. Nikainamia mguu wangu.

Mkunga hakugomba. Aliingia mwenyewe nyuma ya pazia, akatoka na mkojo wa binti. Ulipochemka uliganda, mweupe kama ute wa yai.

"Protini hiyo, mkojo wa mzima hauigandi," alisema, huku akijaza dawa kwenye sindano. "Tungechelewa, kifafa cha mimba kingemkuta hapa hapa."

Binti alijifungua salama. Mimi ndiye sijatulia. Jumapili tunapokea mgeni kutoka mkoani, na katibu wa kijiji ametusomea taarifa atakayosomewa mgeni huyo: mashamba yamestawi, visima vina maji, hakuna mwenye shida. Inang'aa kweli kweli, kama ule mkojo wa kwanza. Natamani yule mkunga awepo, aulize swali lake.