Ndagala Kwenye Mtungi wa Wakwe

Jamani, habari hii nimeificha miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia uso unapata moto, lakini kwa kuwa mke wangu ameshawagusia nusu yake (na nusu aliyowagusia ndiyo ile mbaya), afadhali niwape yote mwenyewe. Mimi mtu mzima, mwalimu wa Kifaransa, ndani ya suti ya vipande vitatu, siku ya dot ya dada yangu wa pekee niliwatilia wakwe zetu samaki kwenye pombe.

Ilikuwa miaka ile ya vita. Nilikuwa nimekaa Kigoma mwaka mzima nikifundisha, maana shule yangu ya Bujumbura ilikuwa imefungwa, na nyumbani Nyakabiga, mtaa wa humohumo mjini, niliwaacha mama na dada yangu Goreti. Baba yetu alikuwa ameshafariki. Sasa Goreti akapata mchumba, kijana mpole wa Cibitoke, fundi wa redio, na siku ya dot, yaani siku ya kupeleka mahari, ikapangwa Jumamosi saa nane mchana, kwa sababu jioni kila mtu alipaswa awe kwake kabla ya saa ya kutotembea. Siku hiyo kwetu pande mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake, wanataniana kwa maneno ya heshima mpaka binti aitwe atoke chumbani. Kwa haki msemaji wetu angekuwa baba mdogo. Lakini baba mdogo ndiye aliyetaka kumwoza Goreti kwa rafiki yake mmoja mzee mwenye lori, na Goreti hajamsamehe. Akaniandikia barua: "Kaka, akisema baba mudogo, mi sitoki mu chumba. Ni we utasimama pahali pa baba, ao hakuna dot." Na Goreti akisema hatoki, hatoki kweli.

Basi hesabu yangu ilikuwa rahisi: Alhamisi asubuhi napanda boti ya mizigo, Ijumaa niko nyumbani, Jumamosi nasimama mbele za watu. Suti nilikuwa nimeshonewa pale Kigoma, ya kijivu, nikaipiga pasi ya mkaa mpaka mistari ya suruali ikasimama yenyewe, na hapo ndipo nilipokata shauri langu la kijinga: nikaivaa. Bi Zuhura, mama mwenye nyumba wangu, alikuwa anamenya mihogo uani, akanitazama kuanzia viatu mpaka tai.

"Mwalimu, ivue hiyo. Utaivaa ukifika."

"Bi Zuhura, nikiikunja itajikunja yote, na kule nitapata wapi muda wa kuipiga pasi? Safari yenyewe ni ya siku moja."

Akasema haya, akarudi kwenye mihogo yake.

Boti ilikuwa imepakia magunia ya dagaa mpaka juu (dagaa wa Kigoma, sisi tunaita ndagala), na kiti hakuna, unakaa juu ya gunia, basi nikatandaza gazeti nikakaa kama waziri. Mwenye boti akasema tunangoja karatasi moja tu. Karatasi hiyo ilikuja jioni. Tukaondoka, mashine ikazima, wakaipigapiga, ikawaka, ikazima tena, na Ijumaa mchana tulipoingia maji ya kwetu askari wa pwani wakatuita kando, wakapekua kila gunia kwa kulichoma na fimbo ya chuma, wakitafuta silaha, halafu wakatuambia jua limeshazama, hakuna boti inayotembea, laleni hapohapo. Nikalala juu ya magunia yaliyotobolewa, na suti yangu, na viatu vyangu, nikiwaza Goreti tu. Kila boti iliposimama nilikuwa namwona amekaa kwenye kile chumba amefunga mlango kwa ndani. Niliogopa sana, sitawaficha.

Jumamosi saa sita tukafika bandarini Bujumbura, na mwenye muhuri wa uhamiaji ameenda kula. Amekwenda na muhuri wenyewe mfukoni. Nilisimama pale dirishani saa nzima na nusu nikitabasamu na kila aliyepita, labda ndiye.

Sasa mnielewe jambo moja: mtu akikaa siku tatu na ndagala, pua yake inazoea, hasikii kitu tena. Mimi nilijiona niko safi. Nilipanda baiskeli ya kukodi kwenda Nyakabiga, na yule dereva alikuwa anaendesha ameinamisha kichwa mbele kabisa, nikadhani ni bidii.

"Patron, unatoka wapi?" akaniuliza.

"Kigoma. Nilikuwa nafundisha."

"Unafundisha wavuvi?"

"Apana, Kifaransa." Hata sikujiuliza kwa nini ameuliza hivyo.

Nikafika saa nane na dakika arobaini. Wageni wamejaa uani, kina mama na imvutano zao, zile nguo za sherehe za kufungwa begani, zinang'aa, na baba mdogo ameshasimama na karatasi mkononi anasafisha koo. Nikapita katikati ya watu, na watu wakanipisha, wakanipisha kweli, njia pana kabisa, nikajisemea kumbe mwalimu wa ng'ambo anaheshimiwa. Mama akanikumbatia, akaniachia upesi, akaweka kitambaa puani. Nikajua ni machozi. Baba mdogo akakaa amenuna, nami nikakaa kiti cha marehemu baba yangu.

Mbele yetu palikuwa na mtungi wa impeke, pombe ya mtama, na mirija miwili mirefu. Kwa desturi yetu mkubwa wa upande huu na mkubwa wa upande ule wanainama pamoja, vichwa vinakaribia kugusana, wanavuta, ndipo maneno yanaanza. Baba wa kijana, mzee mmoja mfupi mwenye miwani, akainama. Nikainama. Akapiga chafya. Akaomba radhi, akainama tena, akapiga chafya mbili. Mimi kwa utu wangu nikaona mzee ana mafua, nimpe leso, basi nikachomoa leso yangu mfuko wa juu wa koti, kwa maringo, kama nilivyoona mabwana wanafanya.

Ikatoka na ndagala. Si mmoja. Yale magunia yaliyotobolewa na askari yalikuwa yamenimwagia usiku kucha, mfuko umejaa, na wote wakaingia mtungini, mbele za watu wote, wakaelea juu ya pombe wametukodolea macho.

Wa nyuma wakasimama wachungulie mtungini. Halafu msemaji wao akanyanyuka taratibu, akarekebisha koti lake, akasema, "Wakwe zetu, tunashukuru. Kwetu tunakunywa kwanza, mboga inakuja nyuma. Kumbe kwenu vinakuja pamoja."

Watu wakacheka mpaka kina mama wakashikana mabega. Sasa hapo msemaji wetu ndiye anayepaswa kujibu utani kwa utani, ndiyo kazi yake, na mimi nilikuwa nimeandika kurasa nne za maneno matamu, nikazitoa, nazo zina mafuta ya samaki, wino umekimbia wote. Mwalimu mzima, nikabaki nazigeuza zile kurasa juu chini. Na harufu sasa nikaanza kuisikia, yote ya siku tatu kwa mara moja.

Baba mdogo akasimama. "Mutoto amechoka na safari," akasema, "mi ndo nitaendelea."

Nikataka kulia. Nikawaza: nimetoka Kigoma, nimefika, na bado nimemwangusha.

Mlango wa chumba ukafunguka. Goreti akatoka kabla ya kuitwa, kitu ambacho sijawahi kukiona kabla wala baada, amevaa imvutano ya manjano, akapita mbele ya wazee wote akaja akanishika mkono, akajibana kwangu na uchafu wangu wote.

"Munisamehe wazee, najua sijaitwa," akasema. "Huyu kaka yangu ametoka mbali kwa ajili yangu. Aseme yeye. Kama si yeye, mi narudi ndani na hamutaniona tena leo."

Baba mdogo akakaa. Na mimi, badala ya kurasa nne, nikapata maneno mawili: "Tumewapa. Mumtunze."

Yule mzee mfupi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akainama juu ya mtungi uleule, akaweka mdomo kwenye mrija, akanisogezea ule mwingine. "Vuta, mwalimu," akasema. "Ndagala haiuwi mutu, na saa inaenda." Tukavuta, kichwa kwa kichwa, na pombe nawaambia ilikuwa na chumvi, lakini tulivuta mpaka vigelegele vikapigwa, na wageni wakafika kwao kabla ya saa ya kutotembea.

Tangu siku hiyo siiamini pua yangu. Nikishuka safarini, kabla ya kuingia nyumba yoyote, namshika mtu wa kwanza nitakayekutana naye, namjua simjui, namuuliza: ndugu, ninanuka? Wengine wananikimbia. Bado nauliza.