Fundi Aliyekwangua Dhahabu ya Narumi

Saa mbili asubuhi, katika gereji moja karibu na soko la samaki la Hachinohe, Japani, Sanae Kudo amelala chali chini ya lori la kubebea ngisi, anachungulia. Miguu tu ndiyo inaonekana. Mwenye lori, Tetsuo Narumi, analizunguka kama baba nje ya wodi ya wazazi.

Lori limeinama mbele, upande wa kushoto. Tairi la upande huo limelika ukingoni. Ni la tatu tangu kiangazi. Mafundi watatu wamemwambia Narumi jambo moja: ang'oe bampa zito la chuma linalong'aa, lenye michoro ya mawimbi na ndege korongo, alilolitengeneza kwa miaka kumi na moja.

“Na wewe ukiniambia hivyo, lori nauza leo hii,” anasema.

“Bampa lako lina uzito sawa pande zote, Bwana Narumi,” sauti inajibu toka chini. “Sasa kwa nini liinamishe upande mmoja?”

Hilo ndilo linalomwasha Sanae. Ameshajaza upepo matairi yote sawa, akalisimamisha lori tupu kwenye sakafu iliyonyooka, akapima toka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi. Kushoto kumepungua sentimita tatu na nusu. Kiganja chake kikipita juu ya tairi kuelekea nje kinateleza, kikirudi kinakwama. Tairi halibingiriki, linakwaruza lami.

Sanae, miaka 51, alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa huku wanaume wakimcheka. Zamani gereji ilipokea malori thelathini kwa mwezi. Sasa tisa, madereva wamezeeka.

Anauliza mbona springi zinang'aa hivyo. Narumi anavimba kifua: kila mwaka mpya huzipaka rangi ya dhahabu, tabaka juu ya tabaka, kama wenzake wote wa malori ya mapambo.

Sanae anachukua patasi, anakwangua. Narumi anafumba macho.

“Tulia, bwana. Hata kwa kinyozi watu hutulia.”

Chini ya matabaka saba ya dhahabu, bamba la pili la springi limekatika, kutu imejaa ndani ya ufa. Mafundi watatu waliona mng'aro, wakadhani springi ni mpya.

Narumi anachuchumaa, anaugusa ufa kwa kidole.

Springi zitabadilishwa pande zote mbili. Bampa linabaki, lakini taa kumi za juu ya chumba cha dereva zishuke, mzigo upungue. Narumi ananuna, anabembeleza, wanakubaliana zishuke sita. Na springi mpya zisiguswe na brashi.

“Hata tabaka moja jembamba?”

“Paka kucha zako.”

Mwezi wa tano malori ya mapambo hukusanyika bandarini. Sanae hajawahi kwenda. Safari hii anapanga kufunga gereji, achukue mkeka na tochi, aingie chini ya kila lori na kukwangua springi.

“Watanichukia mpaka saa sita mchana,” anasema akijifuta mikono. “Baada ya hapo watapanga foleni.”