Nilikojoa Mimi, Likasomwa Jina la Deo

Ndugu zangu, hadithi hii inanifanya nionekane mjinga. Nimejaribu kuisimulia kwa njia tatu tofauti na zote natokea mjinga, kwa hiyo naisema ilivyokuwa.

Mimi naziba pancha stendi. Mji siutaji, ila ukitoka Ngara kwenda Biharamulo lazima utupite, na tairi likiisha upepo utanijua. Majina ya watu nimebadilisha. Kosa sijabadilisha.

Mwaka huu halmashauri ilituchoka. Siwalaumu. Ukuta wa nyuma ya stendi ulikuwa unanuka mpaka mbuzi wanapita mbali. Vijana wa pikipiki walikuwa wanawapigia miluzi mabinti wakitoka kisimani. Meza ya pool inaanza saa moja asubuhi, watu wazima na ndevu zao wanagonga mipira, wake zao wako shamba. Zamani mgambo akikukamata anataja faini, unalia kidogo, anakuachia, kesho uko palepale.

Safari hii wakaja na akili mpya. Faini hakuna. Mgambo anakuandika kwenye daftari, na Jumamosi, siku ya gulio, jina lako linasomwa kwenye spika katikati ya soko pamoja na ulichofanya. Halafu unavalishwa kizibao cha njano kimeandikwa mgongoni NAJIREKEBISHA, unapewa ufagio, unafagia stendi mpaka adhuhuri.

Jamani, ile dawa ilikuwa kali! Gulio letu watu wanatoka Kasulo, Kibimba, Ntobeye, kila mahali. Ukisomwa Jumamosi, Jumapili shangazi yako anajua.

Na mimi nilikuwa shabiki namba moja. Kila Jumamosi nakaa juu ya tairi langu, jina likisomwa napaza sauti, "Rudia, huku nyuma hatujasikia!" Watu hoi. Mzee mmoja muuza ndizi alisomwa kwa kutupa maganda barabarani, nikamwita Mheshimiwa Ganda wiki nzima. Aliacha kuniletea baiskeli yake. Nikaona hana utani.

Sasa nije kwa Deo.

Deo ni fundi cherehani, kibaraza chake kinatazamana na banda langu. Tumesoma wote shule ya msingi, dawati moja. Ni mtu mpole mno, anaimba kwaya, akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye. Alipata mchumba Ntobeye, anaitwa Anitha, binti wa Mzee Baltazari. Akanichagua mimi niwe msemaji wake siku ya posa. Watu walimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Huyu anajua kuongea."

Yule Mzee Baltazari ni mtu wa mambo ya zamani. Kwake msemaji anasimama uani anataja ukoo wa kijana, baba, babu, mpaka mtu wa nne, bila karatasi. Nikafundishwa na baba yake Deo wiki mbili. Naziba pancha huku nasema: Deogratias wa Gervasi, Gervasi wa Ntibanyiha, Ntibanyiha wa Rwegera, balozi wao wa nyumba kumi fulani. Nalala nasema, naamka nasema. Siku ya posa nilikwama mara mbili na Rwegera nikamruka, nikakohoa, nikamrudia. Mzee aliniangalia tu. Lakini barua ikapokelewa. Deo alifurahi mpaka akanipima suti papo hapo uani, kwa kamba ya mbuzi. Mimi ndiye ningesimama naye kanisani.

Hiyo ilikuwa Jumapili.

Alhamisi alasiri nilikunywa togwa nyingi. Choo cha stendi kiko hatua sitini, nimezihesabu baadaye. Nikaenda ukutani. Nikasikia nyuma yangu mtu anasubiri kwa adabu.

Alikuwa mama mgambo, yule mnene anayetembea na kalamu sikioni, mgeni kwetu, majina yetu bado hayajui.

"Maliza," akasema. "Sina haraka."

Nikamaliza. Ilichukua muda, sitaki kuzungumzia.

"Jina?"

Wapendwa, hapa ndipo naomba mnielewe, japokuwa mimi mwenyewe sijajielewa. Nilifikiria Jumamosi. Nilifikiria Mheshimiwa Ganda ananisubiri na ndizi zake. Nilifikiria mama yangu, anauza dagaa hatua kumi kutoka kwenye spika. Mdomo ukafunguka wenyewe, na kitu pekee kilichokuwa kimekaa pale tayari kutoka ni kile nilichokariri.

"Deogratias wa Gervasi, Gervasi wa Ntibanyiha, Ntibanyiha wa Rwegera."

Mama mgambo akaandika yote. "Balozi?"

Nikamtaja balozi.

"Kijana umelelewa," akasema. "Wengine hapa hata jina la baba wanasahau."

Nikamshukuru! Eti nikamshukuru!

Ijumaa ningeweza kwenda ofisini nikarekebisha. Sikwenda. Nilijiambia wataandika vibaya, mvua itanyesha, spika itakosa umeme. Ijumaa nzima nilikuwa naomba TANESCO wakate.

Hawakukata. Jumamosi ile umeme ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Nikiwa juu ya tairi nikamsikia msomaji: "Kukojoa kwenye ukuta wa stendi mchana kweupe. Deogratias wa Gervasi, Gervasi wa Ntibanyiha, Ntibanyiha wa Rwegera!" Sijui nani alimtuma asome wote. Labda alifurahi kupata jina lililotimia.

Soko lote likageuka kibarazani kwa Deo. Alikuwa ameshika sare ya shule, sindano iko mdomoni. Na mimi, kwa mazoea tu, nikapaza sauti:

"Rudia, huku nyuma hatujasikia!"

Akarudia.

Katikati ya watu nikamuona Mzee Baltazari. Alikuja na maharage yake kutoka Ntobeye. Alikuwa anampimia mama mmoja, debe liko hewani. Akalishusha taratibu. Akafunga gunia, akalipakia kwenye baiskeli, akaondoka bila kuuza.

Deo akaja mbele. "Afande, nimekosa nini?"

Mama mgambo hakuwepo, alikuwepo mwenzake kijana ambaye hakuniona ile Alhamisi. "Umekojoa ukutani."

"Lini?"

"Alhamisi alasiri."

"Alhamisi nilikuwa nashona."

"Ulishona, ukasikia haja, ukatoka. Vaa hiki."

Deo akageuka, akanitafuta kwa macho. "Mwambie," akasema. "Wewe kibanda chako kinaniona siku nzima. Mwambie kama nilitoka."

Watu wote wananitazama, wanasubiri utani.

Nikasema, "Deo, hata mimi nimeshangaa."

Walicheka sana. Ndio utani wangu uliochekwa kuliko yote maishani. Deo akavaa kizibao, akafagia mpaka adhuhuri. Alifagia vizuri, pembeni kote.

Jumatatu barua ya posa ikarudishwa. Mjumbe alisema Mzee hana ugomvi, ila hawezi kumpa binti yake mtu ambaye ukoo wake umetajwa mara mbili ndani ya wiki moja, mara ya kwanza kwa heshima na mara ya pili kwa mkojo. Anitha akapiga simu analia. Deo akaacha kwenda kwaya. Watoto wakipita kibarazani wanasema "shiii" kama mtu anayekojoa, wanakimbia. Yeye anaendelea kushona, hainui kichwa.

Na mimi nilikuwa nampelekea chai! Kila asubuhi, kikombe cha pole.

Siku ya nne akaniuliza, anakata uzi, "Hivi nani hapa mjini anamjua Rwegera?"

Nikasema sijui.

"Mimi namjua," akasema. "Baba anamjua, lakini baba miguu haimfikishi stendi." Akakata uzi mwingine. Akahesabu vidole, wa kwanza, wa pili. Cha tatu hakukunja. Alikiangalia tu, halafu akaniangalia mimi.

Nilitamani anipige. Nilikuwa tayari, hata spana niliiweka mbali. Hakunipiga. Alifungua sanduku, akatoa kitambaa cha suti yangu, kilishaanza kushonwa, akaanza kukifumua.

"Chai yako itapoa," akasema. "Ichukue."

Ndiyo maneno ya mwisho Deo ameniambia mpaka leo.

Nikaenda ofisini kwa mama mgambo. Nikamwambia, "Shikamoo afande. Lile jina halikuwa langu."

"Marahaba. Lilikuwa la nani?"

"La rafiki yangu."

Akaitoa kalamu sikioni. "Mimi nilikusifia," akasema. Hilo ndilo lililomuuma. "Jumamosi hatukusomei. Utasoma mwenyewe."

Basi Jumamosi nikashika spika. Soko zima. Mheshimiwa Ganda alikuwa amebeba kiti kabisa. Nikasema aliyekojoa ni mimi, Deo hakutoka kibarazani, mimi nilimwona hakutoka na nikanyamaza. Hakuna aliyecheka. Nikasema jina langu, nikasema jina la baba, nikataka kusema la babu ili nami nisomeke kama alivyosomeka Deo.

Nikakwama. Wazee wa Deo nawajua wote, wangu nimeishia kwa baba!

"Kabura!" mama yangu akapiga kelele kutoka kwenye dagaa. "Babu yako ni Kabura, na anashukuru Mungu amekufa!"

Hapo ndipo walipocheka.

Nilifagia Jumamosi nne badala ya moja. Halafu nikaenda Ntobeye kwa miguu na dumu la pombe ya ndizi, nikapiga magoti uani kwa Mzee Baltazari, palepale nilipopimwa suti. Nikamweleza kila kitu, mpaka togwa. Dumu alilipokea. Wiki iliyofuata posa ikaenda upya, na msemaji mwingine, mwalimu wa kwaya.

Harusi imefanyika mwezi uliopita, sherehe ikawa Ntobeye kwa Mzee Baltazari. Sikualikwa. Nilikwenda, nikaingia kwa nyuma, nikaosha masufuria. Deo alipita mara moja akaniona, akapita. Alikuwa amependeza. Kitambaa changu sasa ni kaptula mbili za shule, moja imevaliwa na mtoto wa darasa la pili ambaye hunipungia mkono.

Nyie vijana wenzangu mnaokaa kijiweni kucheka wanaosomwa, nawaambia: kizibao sio kizito. Nimekivaa, ni kitambaa tu. Ukikamatwa, taja jina lako, vaa, fagia, saa sita unakula ugali. Mimi nilikwepa asubuhi moja ya ufagio nikampoteza mtu wa dawati moja. Na kabla hujajifunza ukoo wa mwenzako, jifunze wako. Kabura. Nimeshakariri.

Siku hiyo ya harusi, nikiwa na lile sufuria kubwa la pilau, Mzee Baltazari akaja kunawa mikono. Nikamwamkia, akaitikia. Akanitazama nasugua, akasema:

"Siku ile hapa kwangu ulikwama mara mbili, na Rwegera ukamruka. Kwa mgambo wakatoka wote, hukuruka hata mmoja." Akakung'uta maji mikononi. "Ungeniogopa mimi kama ulivyomwogopa yule mama, leo ungekuwa umekaa kule mbele. Sugua na chini, pameungua."