Sentimita Saba za Fremu ya Mama

Daktari alisema siku hiyo mama lazima aanze kutembea. Si kesho yake. Nyonga iliyovunjika ilikuwa imeunga, lakini kila siku aliyozidi kulala miguu ilipoteza nguvu ambazo huenda zisingerudi.

Tulikuwa na fremu moja tu ya kutembelea. Mama mkubwa alitutumia kutoka Nansio. Ilikuwa ya marehemu mumewe, mwanamume mrefu kupita milango ya watu. Mama yangu ni mfupi. Tulipomsimamisha nayo kwa dakika moja jana yake, mabega yalimpanda hadi masikioni. Ilikuwa fremu ya zamani, miguu ya bomba yenye vifuniko vya mpira chini, haina vitobo vya kuishusha. Ilibidi ikatwe, na bomba likishakatwa limekatwa.

Nilimpima mama akiwa amelala, kutoka kisigino hadi kifundo cha mkono. Nikapima tena. Mara ya tano akafumbua macho.

"Mwanangu, unanipimia sanda?"

"Fremu, mama. Nataka nihakikishe."

"Ulishasema sentimita saba. Kakate saba."

Nina shahada ya uhandisi na mwaka mzima wa kutafuta kazi, na hadi siku hiyo sikuwahi kukata chuma kwa mkono wangu. Njiani kwenda Igoma niliwaza: vipi kama ni sita na nusu? Vipi kama alikunja goti kidogo? Nilikuwa nimeipakata fremu kama mtoto mgonjwa.

Fundi niliyemwendea hutengeneza madirisha. Ndiye aliyetuwekea geti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, injinia. Lete hiyo, grinda inaimaliza dakika mbili."

Nilitazama dirisha alilokuwa akiliunga. Kona moja ilikuwa na mwanya wa kupitisha kidole.

"Na huo mwanya?"

"Huo? Nikiuchomelea na kupiga rangi, hata mwenye nyumba hauoni."

"Naomba msumeno wa mkono, fundi."

Alicheka hadi akaketi. "Ukija kumaliza, mama yako atakuwa anakimbia."

Lakini alinipa, akaniwekea na bledi mpya, meno yakielekea mbele. Kuchora mstari ulionyooka kwenye bomba la mviringo ni taabu. Kalamu huenda upande. Nilitoa kwenye mkoba nakala ya wasifu wangu, ile ninayoisambaza maofisini, nikaivingirisha kwenye mguu wa fremu hadi ukingo wa karatasi ukakutana na ukingo wake, nikachora kuufuata. Nilifunga kitambaa kwenye bomba ili lisibonyee, nikalibana kwenye jiliwa, lile koleo kubwa lililofungwa mezani.

Mkwaruzo wa kwanza niliuvuta kuja kwangu, taratibu, ukucha wa kidole gumba ukiizuia bledi isihame. Nilikaa nje ya mstari, upande wa kipande cha kutupa, ili kitakachozidi nikisugue kwa tupa. Jasho lilinidondoka juu ya mstari nikasimama kulifuta.

"Usiukandamize," fundi alisema nyuma yangu, sasa bila kucheka. "Tumia msumeno wote, mwanzo hadi mwisho. Unalikata bomba kama una ugomvi nalo."

Sikukata moja kwa moja. Nilikata kidogo, nikazungusha, nikakata tena, hadi mkato ukarudi ulipoanzia. Kipande cha kwanza kilipodondoka hakukuwa tena na njia ya kurudi: miguu mitatu iliyobaki lazima iufuate huu.

Mwishowe nilivisimamisha vile vipande vinne vilivyokatwa mezani, nikaweka rula juu yavyo. Haikucheza. Hata hivyo nilimwomba fundi niondoke na msumeno, endapo.

"Endapo nini?"

Nilinyoosha mkono. Alinipa.

Nyumba yetu iko kilimani, katikati ya mawe, na mama alikuwa amehamishiwa sebuleni. Nilirudisha vile vifuniko vya mpira kwenye miguu, nikaisogeza fremu mbele yake. Alishika, akavuta pumzi, akasimama. Mabega yalikaa mahali pake.

Kisha nikasikia: tik. Fremu ilicheza. Mguu wa mbele kushoto ulikuwa unaning'inia, unene wa sarafu.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikikaa sisimami tena leo."

Nilipiga magoti na futi yangu. Niliupima mguu ule. Nikaipima mingine. Yote sawa. Na bado ulining'inia mbele ya macho yangu. Nilitoa msumeno. Nikianza na ule wa mbele kulia... lakini nikizidisha, itabidi niurudie wa kwanza, kisha ule wa pili, na nikaiona fremu ikifupika mpaka mama anatembea ameinama kama anayepalilia. Nilishika mguu wa fremu, nikaweka bledi.

"Unafanya nini huko chini?"

"Huu wa kushoto haugusi, mama. Nimekosea."

"Wa mbele?"

"Ndiyo."

"Hapo pana bonde."

"Bonde gani?"

"Sakafu hii nimeideki tangu hujazaliwa. Maji yote hukimbilia hapo, nayafuata na kitambaa. Baba yako aliipiga zege mvua inanyesha, nikamwambia asubiri, hakusubiri. Toa kichwa, nipite."

Nilitoa kichwa. Aliinua fremu, akaitua hatua moja mbele. Haikutoa sauti. Miguu minne ilikaa chini kama iliyoota pale, kisha mguu wake wa kulia ukaburuzika, ukafika. Akainua tena.

Nilibaki nimepiga magoti. Niliweka kiganja pale mguu ulipokuwa ukining'inia, na kweli sakafu ilizama kidogo.

Alipofika mlangoni alisimama, akihema, mgongo kwangu.

"Huo msumeno wa watu," alisema, "urudishe leo leo, kabla hujaanza kukata miguu ya meza yangu."

Akautazama uwanja. Kisha akaipitisha fremu juu ya kizingiti.