Mkono wa Baba Mkwe

Mimi hukanda watu nisiowajua. Dereva wa lori, mwalimu, mama wa sokoni aliyechoka mabega kwa kubeba magunia: wote hulala kwenye kitanda changu nyuma ya saluni pale Jogoo Road, nami nawagusa bila kuomba ruhusa ya ukoo. Wanaume wengine huingia wakinikonyeza, "Niaje siste, masaji kamili ni ngapi?" Hao nawaonyesha mlango. Kazi hii niliisomea. Chuoni nilikariri misuli mpaka nikawa naiota, na sina mchezo nayo.

Lakini nyumbani Makongeni, katika chumba kimoja chenye pazia katikati, kulikuwa na mkono mmoja nisioruhusiwa kuugusa, na ndio ulionihitaji.

Baba mkwe wangu, mzee wa reli aliyestaafu, alipata kiharusi akapooza upande wa kulia. Alipotoka hospitali, daktari alisema mkono ukandwe na kunyooshwa kila siku, la sivyo utakakamaa ujikunje ngumi. Kila siku! Na mimi nipo hapo hapo, mafuta ninayo, vidole ninavyo. Nikajitolea. Mama mkwe akanitazama kana kwamba ameona nyoka chini ya meza.

"Mkamwana amguse baba mkwe wake?" akasema. "Kwani wewe ulilelewa wapi?"

Nililelewa huko huko magharibi ya nchi walikolelewa wao, na mila naijua. Baba mkwe humpi mkono, hata wa salamu. Kiti chake hukikalii. Kule kijijini yeye ana nyumba yake na wewe una yako, kila mtu na njia yake. Sasa hapa, ambapo nikigeuka kitandani namsikia akimeza mate, hiyo mila itapitia wapi? Hayo niliyasema moyoni tu. Mkamwana hapayuki.

Tukatafuta ujanja. Mume wangu angemkanda, mimi ningefundisha. Jioni nilimshika yeye mkono nikamwonyesha, kisha akapita upande wa pili wa pazia, nami nikabaki huku nikipiga kelele kama kocha.

"Pole pole! Shika kiwiko kwanza! Bega usilivute!"

"Nimekishika!"

"Hujakishika, namsikia Baba anavyoguna!"

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na alimkanda baba yake hivyo hivyo. Jirani yetu alikuwa akisikia yote dirishani. "Mganga hajigangi, dada!" akanitania. Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikalia kwa hasira.

Baadaye mume wangu akapata kazi ya ujenzi Naivasha, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Mama mkwe akajaribu yeye, akaishia kuupapasa mkono huku akisali. Mimi nilipeleka chai, nikaiweka mezani, nikarudi nyuma. Kila nilipoiweka niliutupia mkono jicho. Kidole gumba kilikuwa kimeingia ndani ya kiganja, halafu vile vingine vikakifunika. Nilijua vizuri tunachopoteza kila wiki. Haki ya Mungu, nilitamani kulirarua lile pazia! Sikulirarua. Nilienda kazini nikamkanda mtu mwenye shingo iliyokazwa na kuinamia simu, akaniambia nina mikono ya baraka, nikatamani kumzaba kofi.

Jumapili moja, Mama akiwa kanisani, Baba aliniita kwa jina la ukoo wa baba yangu, kama wazee wanavyoita mkamwana. Tangu augue, maneno yake yalitoka kwa kuvutwa.

"Njoo. Mzee wa mila hapa ni mimi. Nimesema njoo."

Nikanawa mikono, nikapita pazia. Nikaushika mkono, nikajua hata kabla ya kuupaka mafuta. Kifundo cha mkono hakikukunjika. Nikajaribu kukiinua kidole kimoja, taratibu, kisha cha pili. Nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimeshatokea: ngumi ile isingefunguka tena.

"Nitashika kikombe tena?" akauliza.

Mimi niliyepiga kelele nyuma ya pazia jioni zote zile, nilimjibu kwa kunong'ona.

"Utashika, Baba."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso. "Basi kesho uje tena."

Mama aliporudi, Baba alimweleza mwenyewe. Nilitoka nje, sikusikia walichosemezana. Asubuhi nilikuta beseni la maji moto kando ya pazia, na Mama ametoka nje na kigoda chake, asije akaona.

Basi nakwenda. Kila asubuhi kabla ya kazi nainamia ngumi ile naikanda, na yeye huniuliza kama imelegea kidogo. Nami humjibu imelegea.