Nilimfundisha Mama Mkwe Kusikia Kiingereza, Sasa Amesikia Mpango wa Mwanawe

Admin, tafadhali nifichie jina, maana marafiki wa mume wangu wanasoma hii page. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi Kitale, nashona nguo za watoto nyumbani. Mume wangu ana kazi ya ofisi. Ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia mkono, na hiyo ndiyo inanichanganya zaidi. Siku hizi situlii. Nashona mkono wa shati, nafumua, nashona tena upande usiofaa. Simu yake ikilia tu, nasimamisha mashine nisikilize.

Mwaka jana mama mkwe alitoka Bokoli akaja kukaa na sisi baada ya kuugua kifua. Ni mjane. Biblia ya Kibukusu anaisoma bila miwani, Kiswahili anakisukuma tu. Binti yake, wifi yangu, yuko Amerika, na watoto wake hawajui lugha nyingine ila Kiingereza. Kila wakipiga, mama anashika simu anasema "eeh, eeh," halafu anairudisha akijipangusa macho na leso. Siku moja mume akiwa kazini akaniambia, "Mwanangu, wewe ulifika Form Four. Nifundishe kusikia hawa watoto. Kuongea nitajua mbele ya safari."

Tukaanza. Mchana, vyombo vikishaoshwa, nilikuwa namsomea hadithi fupi kutoka kitabu cha mtoto wangu, polepole, halafu namuuliza maswali. Nani alienda sokoni? Alinunua nini? Kwa nini alirudi akilia? Baadaye nikampa asome mwenyewe. Siku aliposoma "rice", yaani wali, ikatoka "lice", nikamwambia, "Mama, leo umetupikia chawa!" Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kwa muuza vitabu vya mitumba nilipata kaseti ya mazungumzo ya Kiingereza, tukairudisha nyuma mpaka redio ikaanza kutafuna utepe. Nikitaka kumpa jibu anakataa. "Ngoja bana, usiniambie. Rudisha." Tulikubaliana mume wangu asijue, ili Krismasi wajukuu wakipiga awashangaze wote.

Halafu ikaja Jumapili moja, tumetoka kanisani. Mume alikuwa sebuleni akiongea na dada yake kwa simu, kwa Kiingereza. Mama alikuwa hapo hapo akichagua maharagwe kwa ungo. Mume hakupunguza hata sauti. Alisema shamba la Bokoli limepata mtu. Alisema title, hati ya shamba, iko kwa jina la mama, kwa hivyo wauze akiwa bado yuko hai, na hakuna haja ya kumweleza, makaratasi ni ya Kiingereza, atatia sahihi tu. Jameni, hapo kwa hilo shamba ndipo baba mkwe amezikwa. Nilimwangalia mama. Mikono ilikuwa inaendelea kuchagua, lakini maharagwe mazuri alikuwa anayatupa pamoja na mawe.

Kesho yake nilipoleta kitabu, hakukifungua.

"Leo ni mimi nitauliza swali," akasema. "Jana huyu alitaja shamba, nikasikia. Akanitaja mimi, nikasikia. Lakini alikuwa anasema baya, baya, baya. Ni kitu gani kibaya kiko huko kwa shamba?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Mama, hiyo 'baya' ni Kiingereza, buyer, maana yake mnunuzi."

Hakulia. Alisukuma kitabu pembeni, akasema, "Usimwambie kama nasikia. Nataka kuona mtoto wangu atafika wapi."

Tangu siku hiyo mume akipokea simu, mama anasogeza kiti karibu. Wajukuu nao walipiga, simu ikawekwa kwa spika. Yule mdogo akamuuliza kwa Kiingereza kama kifua bado kinamuuma na kama ana paka. Alielewa! Nilimwona uso umechanua, jibu liko kwa ulimi. Lakini mume alikuwa amesimama pale. Mama akasema "eeh, eeh," akarudisha simu. Niliingia jikoni nikalia kama mtu amefiwa.

Juzi asubuhi tukinywa chai, mume akaniambia, "Wiki ijayo tunampeleka mathe Bungoma, ofisi ya mashamba. Nimemwambia ni mambo ya pensheni ya mzee. Wewe ndio utamsomea hayo makaratasi. Si unajua wewe anakuamini?"

Nikamuuliza, "Kwa nini usimwambie tu ukweli?"

"Atakataa. Na kifua chake kitatibiwa na nini? Ati sasa mimi ni mwizi?" Admin, anaamini kabisa anachosema.

Nilimwendea mama nikamuuliza ana mpango gani. Akasema, "Nitaenda. Atanipa hiyo karatasi, na nitaisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wa ofisi."

Nikimwonya mume, nimemsaliti mama aliyenifunulia roho yake, na pengine shamba litauzwa kwa njia nyingine. Nikinyamaza, namwacha baba wa watoto wangu aaibike mbele ya watu, na atauliza ni nani alimfundisha mamake. Jibu liko moja tu kwa hiyo nyumba. Kumsomea uongo siwezi, hiyo nimeshajua.

Naandika hii nikiwa cyber. Nilipotoka, mama alikuwa ameshaweka viti viwili karibu na mashine yangu, akaniambia nisikawie, leo anataka tusome maneno ya ofisi. Ananingoja. Nyinyi wenye mama wakwe, nyinyi wenye waume, niambieni leo hii kabla sijaondoka hapa: nipitie kazini kwa mume wangu nimwambie, ama niende nyumbani nikafundishe?