Makofi ya Mama Mwavita

Mama Mwavita anakaa Kibati, nyuma ya shule. Mutu akimuuliza kazi yake, anasema anauza mawese. Hasemi kwamba yuko pia mu conseil, ni kusema baraza la uongozi la shirika letu la ushonaji, tangu lianzishwe miaka tisa iliyopita. Wako saba. Kila miezi mitatu anavaa kitenge kizuri, anashuka Goma, anasikiliza, anapanda tena.

Kusikiliza ndiyo kazi aliyofikiri amepewa. Papa Cyprien, mkurugenzi, ambaye wote tunamwita Coordo, anajua kusema. Akimaliza, watu wanapiga mikono. Kwetu huwezi kuacha mutu mukubwa amalize kusema na nyumba inyamaze; ni kama kumufungia mulango. Na Mama Mwavita akipiga, anapiga kweli.

Mwaka huu wafadhili walimutuma Madame Charline, mwanamuke wa Butembo, afanye atelier, ni kusema mafunzo, ya siku mbili na conseil, kwenye ofisi yetu ya Himbi, mujini Goma. Siku ya kwanza alieleza nani anaamua na nani anatekeleza. Wakaandika. Siku ya pili akaomba PV, yale maandishi ya mikutano iliyopita, akasoma moja kwa sauti. Ilisema conseil imekubali kwa makofi kwamba mashini kumi na moja za kushonea za Kibati zihamishiwe Himbi. Siku ya kuzihamisha ilikuwa Jumatatu inayofuata.

Mama Mwavita alifikiri hajasikia vizuri, akaomba arudilie. Kutoka Kibati mpaka Himbi ni kulipa pikipiki mbili kwenda na mbili kurudi. Kati ya sisi ishirini tunaojifunza kushona, labda watatu wangefika. Aliikumbuka ile siku: Coordo alieleza kwamba Himbi kuna umeme, na wageni wanafika bila taabu. Alieleza muzuri sana.

Akasema yeye hajakubali kitu kile. Coordo akatabasamu.

«Mama Mwavita, wewe ulipiga kuliko wote. Mpaka bangili ikakatika.»

Wote wakacheka, naye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akasema:

«Papa Cyprien, hata mutoto akisema récitation ya masomo ninamupigia mikono. Haiko kusema nimemupa nyumba yangu.»

Hapo kicheko kikaisha. Muzee Hassani, anayeongoza conseil, alikiri kwamba yeye alipiga ili mukutano uishe, chakula kilikuwa kinapoa. Madame Charline akamuuliza sheria za shirika zinasema nini. Akatafuta ukurasa, akasoma: uamuzi unachukuliwa kwa kuinua mukono. Madame akasema yeye hana uwezo wa kufuta kitu. Wao wanao, kama wanataka kuzungumza tena.

Wakazungumza mpaka saa saba. Kwa Mama Mwavita haikuwa rahisi. Wakati Kibati yote ilikimbia vita, ni Papa Cyprien aliyemutafutia mahali pa kulala, yeye na watoto wake. Alitaja jambo hilo mbele ya wote, akamushukuru tena, halafu akasema mashini zibakie. Coordo alijibu bila hasira kwamba wafadhili hawapendi kupanda kule, na siku moja wataacha kutusaidia. Wengine walimuunga mukono, na hawakuwa wajinga.

Ulipofika wakati wa kuamua, Madame alikumbusha kwamba mkurugenzi ni mufanyakazi, hana kura. Coordo akatoka nje na simu yake. Mikono minne iliinuka kwa Kibati, mitatu kwa Himbi.

Aliporudi, aliuliza nani atawaandikia wafadhili sasa, maana yeye alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba mashini zinakuja Himbi.

«Conseil itaandika,» akasema Mama Mwavita.

Lakini conseil haikuwa imewahi kuandika barua hata moja. Walikaa mpaka saa kumi juu ya karatasi moja, wakibishana kama waanze na salamu au na mashini. Bashige, mumoja wao mwenye mwandiko muzuri, alichana tatu. Muzee Hassani alitaka kuomba pardon mara mbili. Mama Mwavita alimuachia moja. Wakatia sahihi wote saba, hata wale watatu.

Jumatatu tulifungua kule Kibati saa mbili kama kawaida, mashini zote mahali pake. Jibu la wafadhili halijafika. Mama Mwavita anapita kila asubuhi kuuliza, ndoo ya mawese mukononi, halafu anaenda sokoni.